Yoga kwa Mwenye Wasiwasi: Hatari Haiko Mgongoni

Ukimuuliza mtu ni kitu gani katika yoga kinachoweza kumdhuru anayeanza, atakutajia shingo, magoti na kiuno. Hajakosea. Watu huteguka, na wapo walioumia vibaya kwa kulazimisha kusimama kwa kichwa kabla mwili haujazoea. Lakini kwa mtu anayeishi na wasiwasi, yule ambaye moyo humwenda mbio akiwa amekaa tu, anayeamka saa tisa usiku akihesabu mambo yanayoweza kuharibika, matatizo ya kwanza huwa hayaanzii kwenye kiungo. Huanza pale mwalimu anaposema kwa upole: fumba macho, vuta pumzi ndefu, tulia. Maelekezo hayo ndiyo yanayomvuta mwenye wasiwasi kwenye yoga. Ni hayo hayo yanayoweza kumtoa darasani akitetemeka, akiamini kwamba hata kupumzika kumemshinda.

Ushauri wa kwenda kufanya yoga siku hizi hutolewa kirahisi. Daktari mwenye foleni ndefu huutoa, rafiki huutoa, mfanyakazi mwenzako aliyeanza mazoezi mwezi uliopita huutoa. Kwa wengi ni ushauri mzuri. Kasoro yake ni kwamba hakuna anayesema yoga ipi, kwa muda gani, uanze na nini na uache nini. Mwenye wasiwasi anayahitaji maelezo hayo kuliko mtu mwingine yeyote, kwa sababu mwili wake umekwisha kujifunza kuziogopa dalili zake wenyewe. Vitu viwili vinavyosifiwa zaidi katika yoga, pumzi na ukimya, ndivyo vinavyomtaka awe na uangalifu mkubwa zaidi. Akivipokea kidogo kidogo, vinaweza kumsaidia kweli. Akimiminiwa vyote siku ya kwanza, anaweza asirudi tena.

Wasiwasi wenyewe si wa aina moja. Mzazi anayekosa usingizi wiki ya kulipa ada hana ugonjwa; ana ada. Ugonjwa huanza pale hofu inapokuwa kubwa kuliko jambo lenyewe, ikakaa muda mrefu, ikaharibu usingizi, kazi na maelewano ya nyumbani. Kwa wasiwasi wa jumla, madaktari huangalia kama hali imedumu miezi sita au zaidi. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2019 watu milioni 301 duniani walikuwa wakiishi na magonjwa ya wasiwasi, na kwamba ni takriban mmoja kati ya wanne wenye uhitaji anayepata matibabu yoyote. Kwetu mgonjwa wa aina hii huwa hasemi ana wasiwasi. Husema moyo unadunda, presha imepanda, tumbo linawaka, vidole vinakufa ganzi. Hupimwa moyo, huambiwa ni mzima, na hurudi nyumbani na hofu kubwa zaidi, kwa kuwa sasa hana hata jina la kinachomsumbua.

Kwa hiyo usalama huanzia kliniki kabla ya kufika kwenye mkeka. Tezi ya thairoidi inayofanya kazi kupita kiasi huleta moyo kwenda mbio, mikono kutetemeka, jasho na kukosa usingizi. Mtu anaweza kuhangaika miaka na mazoezi ya kutuliza akili wakati kipimo cha damu kingeonyesha tatizo. Upungufu wa damu nao huleta moyo kudunda na pumzi kukatika, hasa kwa wanawake wenye hedhi nzito. Dawa pia zina lake. Mefloquine ya kuzuia malaria inajulikana kwa kuleta wasiwasi na ndoto mbaya. Efavirenz, iliyotumika miaka mingi katika matibabu ya VVU, vilevile. Salbutamol ya pumu hupandisha mapigo ya moyo na kutetemesha mikono. Hakuna kati ya hizo ya kuachwa kwa uamuzi wa mgonjwa peke yake, lakini zote ni za kutajwa mbele ya daktari. Kahawa, vinywaji vya kuongeza nguvu na miraa vitajwe pia. Kijana anayetafuna miraa hadi usiku wa manane, kisha akaiomba yoga imletee usingizi, anaidai yoga kitu isichokuwa nacho.

Sasa pumzi. Mtu mzima aliyetulia hupumua mara 12 hadi 20 kwa dakika bila kufikiri. Pamoja na kuingiza oksijeni, pumzi hutoa hewa ukaa, na kiwango cha hewa ukaa kwenye damu kinaongoza mambo mengi, ukiwemo upana wa mishipa inayopeleka damu kwenye ubongo. Mtu anapopumua kwa nguvu na haraka kuliko mwili unavyohitaji, hewa ukaa hushuka. Mishipa ya ubongo husinyaa na kizunguzungu huja. Hali ya kalsiamu kwenye damu hubadilika, ndipo ganzi hutambaa kwenye vidole na kuzunguka midomo. Kifua hubana. Kisha hufuata kinachotisha zaidi, hisia kwamba hewa haitoshi, ilhali imezidi.

Mtu aliyewahi kupatwa na hofu ya ghafla anazijua dalili hizo zote. Ndizo alizokwenda nazo hospitalini usiku akidhani anakufa. Zikija tena katikati ya darasa, mwili wake hausubiri kuelezwa kwamba safari hii zimetokana na zoezi. Hofu huamka, huongeza kasi ya pumzi, na pumzi huongeza dalili.

Hapo ndipo ulipo ubaya wa agizo la kuvuta pumzi ndefu. Mtazame anayeanza akiambiwa hivyo: hunyanyua mabega, hujaza kifua hadi juu, huachia kwa kishindo, hujaza tena. Baada ya dakika mbili ameshavuta hewa nyingi kuliko inavyohitajiwa na mwili uliokaa kitako. Kinachotuliza ni pumzi kwenda taratibu, hasa ile inayotoka. Haina haja ya kuwa kubwa. Ukivuta pumzi mapigo ya moyo huongezeka kidogo, ukiitoa hupungua, na kazi hiyo kwa sehemu kubwa hufanywa na neva ya vagasi, inayotoka kwenye shina la ubongo na kuteremka hadi kifuani na tumboni. Tafiti nyingi za pumzi ya taratibu zimetumia kasi ya karibu pumzi sita kwa dakika. Anayeanza asizikimbilie sita.

Aanze hivi. Akae kwenye kiti cha kawaida, nyayo zote mbili zikigusa sakafu, macho wazi yakitazama kitu kisichosogea: kitasa cha mlango, ua la pazia. Kwa dakika moja asibadili chochote. Asikilize nyayo zake tu, baridi ya sakafu, uzito wa kisigino. Kisha avute pumzi kwa puani, ndogo, kwa kuhesabu hadi tatu, na aitoe kwa kuhesabu hadi nne, mabega yakiwa yametua. Mara tano au sita zinatosha. Kichwa kikianza kuwa chepesi au vidole vikiingia ganzi, aache kuhesabu, aiache pumzi ijiendee, asimame na kuugusa ukuta. Zoezi la siku hiyo limekwisha, wala halikuharibika. Kesho arudie hilo hilo. Baada ya wiki kadhaa, likiwa limezoeleka hadi linachosha, ndipo ajaribu nne kwa sita.

Yapo mazoezi ya pumzi ambayo ni bora yakae mbali katika miezi ya mwanzo: kapalabhati, ya kutoa pumzi kwa mikupuo ya haraka ya tumbo, bhastrika, ya kuvuta na kutoa kwa nguvu, na kumbhaka, ya kubana pumzi. Wengi huyafurahia. Kwa mwenye historia ya hofu ya ghafla, kuyafanya peke yake chumbani ni kuziamsha dalili zake mwenyewe bila mtu wa kumsindikiza. Mtaalamu wa saikolojia anaweza kweli kumfanyisha mgonjwa apumue haraka ili azizoee dalili hizo, lakini hufanya hivyo kwa mpango, akiwa amekaa naye pale. Na ule ushauri wa zamani wa kupumulia kwenye mfuko wa karatasi uachwe kabisa. Kama tatizo lilikuwa pumu au moyo, mfuko unaweza kuua.

Ukimya nao una mambo yake, na unazungumzwa kidogo mno. Mwaka 1983 watafiti wa Marekani, Heide na Borkovec, waliandika kuhusu watu ambao wasiwasi wao ulipanda pale walipofundishwa kupumzika. Jambo hili limeendelea kuchunguzwa, na mojawapo ya maelezo yaliyonishawishi zaidi ni ya Michelle Newman wa Chuo Kikuu cha Penn State. Kwa maelezo yake, mwenye wasiwasi wa muda mrefu huushikilia wasiwasi wake ili balaa lisimkute akiwa ameridhika. Kuanguka kutoka kwenye utulivu hadi kwenye hofu humuuma kuliko kubaki na hofu kidogo siku nzima. Kwa mtu huyo, kulegea ni kubaki bila ulinzi. Ukimwambia atulie, unamwomba jambo gumu kuliko unavyodhani.

Taamuli, ya kukaa kimya na kuitazama akili, ina habari zinazofanana. Uchunguzi wa mwaka 2020 uliopitia tafiti 83 ulikadiria kwamba takriban asilimia 8 ya washiriki walipata madhara fulani, na wasiwasi ndio uliotajwa zaidi. Hiyo ina maana kwamba walio wengi hawapati shida. Ina maana pia kwamba anayepata shida si mtu wa ajabu, wala hana imani haba, wala hajakosea kufuata maelekezo.

Karibu kila darasa la yoga humalizikia kwa kulala chali, macho yamefumbwa, taa zimepunguzwa, dakika tano au kumi. Hapo ndipo mwenye wasiwasi hubaki ana kwa ana na mapigo ya moyo wake. Hakuna sheria inayomlazimisha. Anaweza kulala ubavu, magoti yamekunjwa, khanga imemfunika. Anaweza kukaa ameegemea ukuta na macho wazi. Anaweza kuinua miguu ukutani, mkao ambao wengi huuona mwepesi kwa kuwa mgongo wote unahisi sakafu. Anaweza kupumzika dakika moja na kuanza kukunja mkeka wake. Aliyewahi kufanyiwa ukatili ana haki kubwa zaidi ya kuchagua. Kituo cha daktari wa magonjwa ya akili Bessel van der Kolk huko Massachusetts kilitengeneza, pamoja na mwalimu David Emerson, yoga ya watu waliojeruhiwa kiakili, ambamo mwalimu hashiki mwili wa mwanafunzi, haamuru, hutoa chaguo, na macho hubaki wazi kwa anayetaka. Katika utafiti wao wa mwaka 2014 wa wanawake 64 waliokuwa na majeraha sugu ya kiakili (PTSD) yasiyosikia matibabu mengine, baada ya wiki kumi wanawake 16 kati ya 31 waliopimwa katika kundi la yoga hawakuwa tena na vigezo vya ugonjwa huo, dhidi ya 6 kati ya 29 wa kundi la elimu ya afya. Utafiti ni mdogo. Lakini namna yao ya kumpa mwanafunzi usukani inafaa kuigwa katika darasa lolote lenye wanaoanza.

Kuhusu mikao yenyewe nitasema machache, maana huko maonyo yapo tele. Mwenye presha ya macho asiinamishe kichwa chini ya moyo kwa muda mrefu wala kusimama kwa kichwa. Mwenye shinikizo la damu lisilodhibitiwa vilevile. Mjamzito atafute darasa lake. Yoga ya joto, inayofanyika katika chumba cha nyuzijoto karibu 40, hupandisha mapigo ya moyo na jasho, dalili zile zile anazoziogopa mwenye wasiwasi. Na kusema kweli, chumba kisicho na feni mjini Dar es Salaam mwezi Februari kina joto la kutosha. Kinachosahaulika ni dawa za wasiwasi zenyewe. Propranolol na amitriptyline, ambazo hutolewa sana katika hospitali zetu, zinaweza kushusha presha mtu anaposimama ghafla, na mikao mingi huanzia chini na kuishia juu. Anayezitumia ainuke kwa hatua: akae, asubiri, apige goti, ndipo asimame. Diazepam hupunguza wepesi na mizani ya mwili, kwa hiyo mikao ya kusimama kwa mguu mmoja ifanywe karibu na ukuta. Na kwa hali yoyote diazepam iliyotumika kwa muda isikatishwe ghafla kwa sababu yoga imeanza kusaidia. Kuiacha kwa kishindo kunaweza kuleta degedege.

Yoga tunayoiona kwenye simu, ya kuruka kutoka mkao hadi mkao bila kupumzika, ina historia inayoeleza kwa nini si lazima imfae kila mtu. Mengi yake yalipitia kwa Krishnamacharya, mwalimu wa yoga aliyefundisha kwenye kasri la Mysore, India, miaka ya 1930, wanafunzi wake wengi wakiwa vijana wa kiume wenye nguvu. Mwanafunzi wake mmoja, Pattabhi Jois, aliendeleza mtindo huo wa kasi. Mwingine, B.K.S. Iyengar, alikuwa mtoto mgonjwa, aliugua kifua kikuu, na pengine ndiyo sababu alikuja kufundisha kwa viti, kamba, matofali ya mbao na ukuta, mtu akikaa kwenye mkao mmoja kwa uangalifu. Kwa anayeanza na wasiwasi, ningechagua njia ya pili bila kusita. Kasi humnyima nafasi ya kutofautisha moyo unaodunda kwa mazoezi na moyo unaodunda kwa hofu. Ukuta na kiti humpa kitu cha kushika. Hahitaji kununua vifaa: mto wa kitandani, khanga iliyokunjwa, kitabu kinene na mkeka usioteleza vinatosha.

Je, yoga inasaidia wasiwasi kweli? Inategemea wasiwasi wa nani. Mwaka 2018 Holger Cramer na wenzake walikusanya tafiti nane zenye washiriki 319. Waliona nafuu ndogo ya muda mfupi kwa watu wenye wasiwasi wa juu, lakini kwa waliothibitishwa na daktari kuwa na ugonjwa wa wasiwasi ushahidi haukutosha kuonyesha faida. Kisha ukaja utafiti mkubwa zaidi wa Naomi Simon na wenzake, uliochapishwa mwaka 2020 katika jarida la JAMA Psychiatry. Watu wazima 226 wenye ugonjwa wa wasiwasi wa jumla waligawanywa makundi matatu kwa wiki 12: yoga ya Kundalini, tiba ya mazungumzo inayobadili fikra na tabia, na elimu ya kawaida kuhusu msongo. Waliopata nafuu kubwa walikuwa asilimia 54 kwenye yoga, asilimia 71 kwenye tiba ya mazungumzo, na asilimia 33 kwenye elimu ya msongo. Baada ya miezi sita tiba ya mazungumzo ilibaki juu ya elimu ya msongo kwa uhakika, wakati faida ya yoga haikuweza tena kutofautishwa na bahati.

Takwimu hizo nazisoma kwa matumaini yenye mipaka. Zaidi ya nusu kupata nafuu si jambo dogo, hasa pale ambapo mtaalamu wa saikolojia yuko safari ya siku nzima na mkeka uko chini ya kitanda. Lakini wale washiriki walikuwa na walimu waliopikwa vizuri, darasa kila wiki na kazi ya nyumbani kila siku. Vivyo hivyo utafiti wa Elizabeth Hoge wa mwaka 2022, ulioonyesha kwamba programu ya wiki nane ya umakinifu (mindfulness), yenye yoga nyepesi ndani yake, haikupitwa na dawa ya escitalopram kwa watu 276: washiriki walitakiwa kufanya mazoezi dakika 45 kwa siku. Anayefuata video ya dakika kumi mara mbili kwa wiki asijilaumu asipopata walichopata wao.

Swali linalonishughulisha zaidi ni kwa nini tiba ya mazungumzo iliishinda yoga, na hasa kwa nini ilidumu. Jibu langu ni kwamba tiba hiyo humpeleka mtu kwenye kile anachokiogopa. Anayeogopa kupanda basi hupanda basi. Anayeogopa kusema kwenye kikao husema. Yoga peke yake haimpeleki popote. Humrudisha kwenye mwili wake, akiwa salama, nyumbani. Ni jambo jema, ila linaweza kugeuka maficho. Nimeona watu wanaopumua tatu kwa nne kabla ya kila simu, kabla ya kila mkutano, kabla ya kutoka mlangoni, na wasipopata nafasi ya kupumua hivyo hawatoki. Pumzi imekuwa hirizi: siku wakiisahau, wanaamini balaa litawakuta. Hofu yao haijapungua hata chembe. Imepata mlinzi tu.

Ndiyo maana napendelea mazoezi ya yoga yafanywe kwa ratiba, asubuhi au jioni, kama mtu anavyopiga mswaki, bila kungoja hofu ianze. Hofu ikija njiani, mtu aende nayo. Aache moyo udunde kwenye daladala hadi kituo anachoshukia. Alichojifunza kwenye mkeka, kwamba mapigo hupanda na kushuka yenyewe bila kumuua, ndicho kitakachomfaa pale, hata kama hakumbuki kuhesabu. Maendeleo pia yapimwe huko nje. Usijiulize kama ulitoka darasani umetulia. Jiulize kama wiki hii ulikwenda sokoni, ulipokea simu ya bosi, ulilala bila kuangalia mara nne kama mlango umefungwa.

Kwa msomaji wa pwani, na kwa Mkristo wa bara pia, liko swali jingine: nikifanya haya, ninaabudu kitu kingine? Lina nafasi yake katika mazungumzo ya usalama. Mtu mwenye wasiwasi, hasa yule ambaye wasiwasi wake hung'ang'ania dhambi na najisi, akilala kwenye mkeka huku dhamiri inamsuta atanyanyuka na mzigo mkubwa kuliko aliokuja nao. Wanazuoni wametofautiana. Baraza la fatwa la Malaysia liliwakataza Waislamu yoga mwaka 2008. Baraza la Ulamaa la Indonesia, mwaka 2009, lilikataza ile yenye mantra na taratibu za Kihindu, likaruhusu iliyo mazoezi ya mwili tu. Saudi Arabia iliitambua yoga kuwa shughuli ya michezo mwaka 2017. Yoga ilizaliwa India ndani ya dini na falsafa za huko, na si uungwana kujifanya haikuzaliwa hivyo. Ila kunyoosha viungo na kurefusha pumzi vinaweza kufanywa bila mantra, bila sanamu na bila salamu ya kuunganisha viganja, na mwalimu mwenye heshima hatachukia ukimwambia unayaacha hayo. Anayesitasita azungumze na sheikh au mchungaji wake kwanza. Na kama jibu litakuwa hapana, kutembea nusu saa kila siku na pumzi ya kiti niliyoieleza hapo juu havihitaji jina la yoga.

Kumpata mwalimu kumekuwa rahisi kuliko zamani. Nairobi kuna Africa Yoga Project, iliyoanza mwaka 2007 na kufundisha vijana wengi kuwa walimu, wakapeleka madarasa hadi mitaa kama Kibera. Dar es Salaam kuna kituo cha utamaduni cha India chenye jina la Swami Vivekananda. Kila tarehe 21 Juni, Siku ya Kimataifa ya Yoga, viwanja hujaa watu na vipaza sauti. Ni sherehe nzuri, ingawa mwenye wasiwasi asichague siku hiyo kuwa ya kwanza. Cheti cha ualimu kinachojulikana zaidi ni cha saa 200, zinazogawanywa kati ya mikao, mwili, falsafa na mbinu za kufundisha. Mwenye cheti hicho hajafundishwa kutibu magonjwa ya akili, na mwalimu mwema atakwambia hivyo mwenyewe.

Kabla ya darasa la kwanza, mfuate pembeni. Usimhadithie maisha yako yote. Sema: "Mwalimu, nina tatizo la wasiwasi. Nitakaa karibu na mlango, naweza kutoka kidogo na kurudi, na naomba usinishike bila kuniuliza." Muulize kama kuna mazoezi ya pumzi ya kasi siku hiyo, ili ujue utakapopumua kawaida wenzako wakiendelea. Mwalimu akikujibu kwa utulivu, umepata mahali. Akikwambia hofu yako ni udhaifu utakaoisha ukijikaza, tafuta mwingine. Kwa anayejifunzia nyumbani, video itazamwe yote mara moja akiwa amekaa, kabla ya kuifuata. Kujua kinachofuata kunapunguza nusu ya mshtuko. Dakika 15 zinatosha. Nyumbani kuna faida kwamba hakuna anayekutazama, na hasara ni hiyo hiyo, hasa kwa wale ambao wasiwasi wao ni wa kuogopa watu. Hao, mapema au baadaye, wanahitaji kufika darasani.

Zipo hali ambazo yoga isubiri. Maumivu ya kifua yanayokuja ukipanda kilima au kubeba mzigo ni ya hospitali leo leo. Mawazo ya kutaka kufa, kusikia sauti ambazo wengine hawazisikii, au kukaa siku kadhaa bila usingizi na bila kuchoka, akili ikikimbia na pesa zikitumika ovyo, ni ya daktari wa magonjwa ya akili, na ndugu anayeona dalili hizo kwa mwenzake amsindikize badala ya kumwambia akafanye mazoezi. Kwa wengine wote, wiki 12 ni muda wa haki wa kujaribu. Andika kwenye daftari, mara moja kwa wiki, umelala saa ngapi, umekwepa nini, umekwenda wapi. Kama kurasa za mwisho zinafanana na za kwanza, lipeleke daftari hilo kwa daktari au mtaalamu wa saikolojia na uulize kuhusu tiba ya mazungumzo au dawa. Mazoezi yanaweza kuendelea sambamba na vyote viwili.